Mpima Mwendo Aliyepokewa kwa Nyimbo

Kama kuna mtu aliyekaribia kuifukuza bahati ya Lubao kwa mikono yake mwenyewe, basi ni Zilpah mke wa Shikanga, na uzuri wake ni kwamba hajawahi kulikana jambo hilo. Hulisimulia mwenyewe, tena kwa kicheko cha kushika mbavu. Lakini siku yenyewe hakucheka. Siku yenyewe alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kwaya yake yote.

Turudi nyuma kidogo, tusije tukamlaumu bure.

Barabara kuu inayopasua katikati ya soko la Lubao ilimwagiwa lami mpya mwaka 1994. Zamani, ilipokuwa na mashimo, watu waliilaani asubuhi na jioni. Mashimo yalipozibwa ndipo walipogundua kwamba yale mashimo ndiyo yaliyokuwa askari wao. Magari yaliyokuwa yakijikongoja sasa yalipita yakivuma, malori kwa mabasi, na vumbi la kando halikupata nafasi ya kutua. Matrekta ya miwa tu ndiyo yaliyobaki na adabu, nayo ni kwa sababu hayawezi mbio, si kwa sababu hayataki.

Mwaka uliofuata, Wanyonyi, mdogo wake Shikanga, alikuwa akimvusha fahali kumpeleka mnadani. Lori likaja. Fahali alipona. Wanyonyi alizikwa Jumamosi, na tangu siku hiyo Shikanga hakuitazama tena barabara ile ila kwa jicho la mtu anayemtazama adui mwenye nguvu kumzidi.

Sasa shida ya Zilpah ilikuwa hii. Binti yao Ayuma, wa miaka minane, alizibwa masikio na homa ya uti wa mgongo akiwa angali mchanga. Hakusikia ngoma, hakusikia radi. Mazungumzo yake yalikuwa ya mikono, na aliyeyaelewa vizuri ni mama yake peke yake. Basi ng'ambo ya barabara, mahali unapoweza kupaona ukisimama mlangoni kwa Zilpah, shule ya msingi ilikuwa imefungua darasa la watoto wasiosikia. Mwalimu wa darasa hilo, Jescah, alifika nyumbani kwa miguu yake, akakaa chini kwenye nyasi na kuongea na Ayuma kwa mikono. Ayuma akamjibu. Halafu akacheka, kicheko kile chake kinene ambacho Zilpah alikuwa amekikosa kwa miezi.

"Nimemwekea nafasi moja," Jescah alimwambia mama. "Lakini mwaka huu hauishi bila nafasi hiyo kujaa. Septemba muhula ukifunguliwa na yeye hayuko, nitampa mwingine. Kuna watoto wananingojea mpaka Matungu."

Shikanga alipoambiwa alitikisa kichwa kabla maneno hayajaisha.

"Lami hiyo mtoto wangu havuki."

"Nitamshikanga mkono, Baba Ayuma. Kila asubuhi, kila jioni."

"Wanyonyi alikuwa na masikio mawili na macho mawili, na alikuwa mtu mzima. Na lami hiyo ilimmaliza mchana kweupe. Wewe mkono wako una nguvu gani?" Kisha akasema polepole zaidi, "Magari yapunguze mwendo kwanza. Yakipunguza, ataenda shule, na nitamnunulia sare mimi mwenyewe. Yasipopunguza, abaki hapa. Asijue kusoma, lakini awe hai."

Zilpah alikasirika. Alikasirika zaidi kwa sababu hakuweza kusema kwamba mumewe amekosea.

Ndipo alipoanza kusumbua watu. Alimsumbua chifu, akaisumbua kamati ya soko, akamsumbua karani aliyeandika barua kwa taipureta mpaka karani akawa akimwona kwa mbali anajificha chooni. Mwishowe jibu likaja kutoka ofisi ya barabara. Naibu wa chifu alilisoma mara mbili mbele ya watu: vituo kumi na kimoja vimeomba vibao vya mwendo na matuta, vifaa vilivyopo vinatosha vituo vitatu, na vitakavyopewa ni vile ambavyo magari yanakimbia kuliko kwingine. Afisa atafika Lubao Jumanne ya pili ya Juni, mwaka huo wa 1996, kupima mwendo wa magari.

Mtu mwingine angesikia hivyo na kusema, vyema, aje apime. Zilpah hakuwa mtu mwingine. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha kina mama, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na katika barua yote hiyo alishika jambo moja tu: afisa anakuja. Kwao mgeni wa serikali hapokewi kwa mikono mitupu wala midomo iliyofungwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa vifaa ni vya vituo vitatu na waombaji ni kumi na mmoja, alihesabu Zilpah, basi watakaopewa ni waliompokea mgeni kuliko wenzao. Nanyi mnaomcheka, jiulizeni kwanza kama mngekuwa na akili zaidi.

"Tutampokea mpaka asahau kwao," aliwaambia kina mama, nao wakaitikia kwa vigelegele.

Jumatatu nzima walifyeka nyasi. Walifagia ukingo wa lami kama wanaofagia sebule, wakapanga mawe pande zote mbili na kuyapaka chokaa, yakang'aa kwa safu ndefu. Jumanne alfajiri walivaa sare za kikundi na vitambaa vya kijani kichwani. Zilpah aliamka kabla ya wote, akachinja tetea wake mnene kuliko wote, akamwacha jikoni akitokota, akakimbia barabarani kwenda kupanga sauti.

Afisa alifika saa tatu juu ya pikipiki ya ofisi. Alikuwa kijana mwembamba wa Mumias, jina lake Bashir, amevaa jaketi ya rangi ya machungwa inayoonekana kutoka mbali, saa ya kuhesabia sekunde ikining'inia shingoni.

"Asalaam aleikum," alisema kwa mazoea, halafu akakumbuka alipo. "Hamjambo, mama zangu? Mimi ni Bashir."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walikuwa tayari wanaimba, na jina lake likaingizwa kwenye wimbo papo hapo.

Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Alichora mstari mweupe kukata lami, akapima mita mia moja, akachora wa pili. Gurudumu likikanyaga mstari wa kwanza anabonyeza saa, likikanyaga wa pili anabonyeza tena, kisha anatazama karatasi yake yenye hesabu na kuandika gari lile lilikuwa likienda kilomita ngapi kwa saa. Sekunde zikiwa chache, gari lilikuwa mbioni. Zikiwa nyingi, lilikuwa polepole. Basi alisimama ukingoni na daftari lake, na nyuma yake wanawake thelathini wakaimba na kucheza, Zilpah mbele akipunga kitambaa.

Bashir alipaswa kuwanyamazisha. Hilo alilikubali mwenyewe baadaye. Lakini mtu wa ofisi ya barabara popote aendapo hulakiwa kwa manung'uniko ya madaraja na mitaro, na hapa jina lake lilikuwa likiimbwa kwa sauti nne. Alirekebisha kofia yake, akasimama wima zaidi, akaendelea kupima.

Sasa wewe jiweke mahali pa dereva. Unateremka mlima na lori lako, mguu umeukandamiza chini. Mbele unaona mawe yamepakwa chokaa. Unaona wanawake wa sare moja wanacheza. Unaona mtu wa serikali amesimama wima na daftari. Siku hizo hakukuwa na dereva katika nchi hii asiyejua maana ya mambo hayo matatu yakikutana: kuna mkubwa anapita, na anayempita mkubwa kwa mbio atalala ndani. Guu likaondoka kwenye mafuta. Magari yalipita Lubao asubuhi ile kama yanayokwenda kanisani. Dereva mmoja wa pikapu alivua kofia. Basi moja lilisimama kabisa, na utingo akachungulia dirishani akauliza kwa heshima, "Mama, ni nani anapita leo? Ni Waziri?"

"Ni mgeni wetu!" Zilpah alimjibu kwa fahari, na basi likaondoka kwa mwendo wa kinyonga.

Saa sita na nusu Bashir alifunga daftari, uso wake ukiwa na furaha ya mtu anayeleta habari njema.

"Mama, hongera sana," alimwambia Zilpah. "Nimezunguka wilaya hii, sijaona madereva wenye adabu kama wa kwenu. Magari themanini, na hakuna hata moja lililofika hamsini. Wastani ni ishirini na nane."

Zilpah alitabasamu, kwani hongera ni hongera. Tabasamu likakaa kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha likaanza kufifia.

"Na kibao chetu?"

"Kibao cha nini tena, mama? Vibao ni vya wanaokimbia. Hapa hawakimbii."

Zilpah aliyatazama mawe ya chokaa. Akawatazama wenzake, waliokuwa wakipangusa jasho na kucheka, vitambaa vya kijani vikimeremeta juani. Akaelewa yote kwa mara moja. Hakuna adui aliyefanya haya. Ni yeye. Yeye ndiye aliyefyeka, aliyepaka, aliyeimba. Akilini alimwona Ayuma wa Septemba amekaa mlangoni akiwatazama watoto wa ng'ambo, na akasikia joto la aibu likimpanda mpaka masikioni.

"Bwana Bashir, ngoja. Ni sisi tumewapunguza! Hapa wanapitanga kama wanaokimbia moto. Kuja kesho, tutafunga midomo."

"Kesho niko Matungu. Keshokutwa niko Kabras. Ijumaa ripoti lazima iwe mezani kwa mkubwa." Alimwonea huruma, lakini huruma haikuwa na nafasi kwenye karatasi yake. "Vipimo ni vipimo, mama. Nikaandike nini? Kwamba madereva walipunguzwa mwendo na kwaya?"

"Basi kula kwanza," alisema Zilpah, kwa sababu mgeni hula hata siku ya msiba.

Nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya vibanda vya soko. Walimkalisha Bashir kwenye kiti kizuri, wakamnawisha mikono, wakamwekea obusuma, ugali wa kwao, ukifuka moshi, na bakuli la ingokho, kuku wa kienyeji, mbele yake, firigisi ikiwa juu kabisa, kama anavyowekewa mwanamume wa kuheshimiwa. Bashir alilitazama bakuli. Akauliza kwa upole, "Nani alichinja, mama?"

"Mimi mwenyewe!" alisema Zilpah.

Navalayo, rafiki yake mwuza mitumba, alikuwa amebeba jagi la maji, akasimama nalo hewani. Kila mtu pale alijua kwamba mgeni Mwislamu huchinjiwa na Mwislamu mwenzake, na soko zima lina watu wa kuombwa. Lakini Zilpah alikuwa ameulizia saa ya mgeni kufika, njia atakayopitia, hata urefu wake kwa ajili ya kiti. Jina lake hakuuliza. Na asubuhi alipolisikia, aliliimba tu bila kulifikiria, na salamu yake akaifunika kwa wimbo.

"Usijali, mama yangu," alisema Bashir. "Nitakula na mboga. Mboga ni chakula."

"Mayi wee!" Zilpah alishika kichwa. Aibu ya pili, kabla ya saa nane! "Mgeni hatokanga kwangu bila ingokho. Haiwezekani. Watu watanisema mpaka kaburini. Kuna jogoo hapo nje. Utamchinja wewe, kwa mkono wako, kwa dini yako, na nitampika kwa sufuria nyingine."

Bashir alitazama saa ya mkononi. Lakini alikuwa mtoto wa Mumias, amelelewa na majirani wa aina hii, na alijua kwamba neno kama hilo halikataliwi. Akasema sawa.

Jogoo mwenyewe alikuwa ameona Krismasi tatu na alikuwa na nia ya kuiona ya nne. Alimzungusha Zilpah ghala mara mbili. Ni Ayuma aliyemkamata, kwa kumvizia upande mwingine na kumdaka kwa mabawa. Bashir alimpongeza. Ayuma akamtazama midomo bila kujibu. Bashir akamwuliza jina. Ayuma akamtazama mama yake.

"Hasikii," Zilpah alisema, akihema. "Shule yake ni ile pale ng'ambo. Baba yake amesema havuki mpaka magari yapunguze mwendo, na baba yake amezika ndugu yake hapo. Sasa umesikia ni kwa nini nilikuimbia kama kichaa."

Bashir alimpokea jogoo, akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, akamchinja.

Na Zilpah alipokuwa anamnyonyoa, akiuvuta ule msuli mgumu kama kamba ya katani, wazo likamjia mpaka manyoya yakamponyoka. Jogoo wa umri huu hataiva chini ya saa mbili. Saa mbili nzima! Na mgeni ameketi uani hana la kufanya, saa yake ya sekunde iko shingoni. Zilpah alikuwa amewahi kuombea watu wengi na mambo mengi, lakini siku hiyo, Mungu amsamehe, aliomba jogoo awe mgumu zaidi.

Alimwendea Bashir na mikono yake yenye manyoya.

"Kuku huyu atachelewa. Badala ya kukaa hapa bure, si ukae kwa kibanda cha Navalayo? Kina kivuli. Na kiko katikati ya mistari yako miwili."

Bashir alimtazama kwa muda. Kisha, taratibu, akaanza kuivua ile jaketi ya machungwa.

Kilichofuata kilifanyika kwa dakika kumi. Pikipiki ilisukumwa nyuma ya kinu cha unga. Kina mama walipita kando ya barabara wakiyageuza mawe, upande mweupe ukaenda chini. Vitambaa vya kijani vilivuliwa, na kila mwanamke akaketi nyuma ya mboga zake kama siku zote.

"Yule atakayeimba," Zilpah aliwaambia, "hata akiimba kwa moyo, nitajua."

Bashir aliketi ndani ya kibanda cha mitumba, kati ya koti zito la baridi ya Ulaya na gauni la harusi la mtu asiyejulikana, akachungulia kwenye upenyo. Zilpah alimwachia Ayuma sufuria jikoni, akachuchumaa na Navalayo pembeni yake. Barabara ilikuwa kimya. Dakika tano zikapita na gari halikuja, na Zilpah akaanza kuogopa kwamba madereva wote wa nchi wameokoka siku moja.

Kisha wakalisikia. Gari dogo jeupe liliruka mstari wa kwanza, likaruka wa pili. Bashir alitazama saa, akatazama karatasi.

"Tisini," alisema.

"Tisini ni nyingi?"

"Ni nyingi sana, mama."

Zilpah alimpiga Navalayo pajani kwa furaha. Basi likaja, mia moja na moja. Neno likapita kutoka kibanda hadi kibanda, mia na moja, mia na moja, kina mama wakipeana mikono chini ya meza za nyanya. Pikapu ya maziwa, themanini na tano, wakaisikitikia. Basi jingine, mia na nne. Mwanamke mmoja mzee alifumba mdomo kwa leso yake mwenyewe ili kigelegele kisitoke. Hapajawahi kuwa na watu waliofurahia kukoswakoswa na magari kama watu wa Lubao mchana ule.

Halafu likateremka lori tupu. Walilisikia kabla ya kuliona. Lilipita kwa kishindo, upepo wake ukayainua makoti yote na kumfunika Bashir uso. Alipojitoa, alitazama saa yake mara mbili.

"Mia na tisa."

Zilpah alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Mikono ikamsimama. Lori la namna hiyo, saa kama hizo, ndilo lililomkuta Wanyonyi na kamba ya fahali mkononi. Na yeye analipigia makofi. Aliketi chini juu ya robota la nguo, machozi yakimtoka bila kuaga.

"Nimeandika, mama," Bashir alisema kwa sauti ya chini. "Mia na tisa. Haifutiki."

Magari sitini na mawili yalikuwa yamepita Ayuma alipokuja na kuashiria kwa mkono mdomoni kwamba chakula kiko tayari. Jogoo aliliwa, ingawa kwa kupigana naye. Bashir alipewa firigisi, akaitafuna mpaka ikakubali. Kisha akafungua daftari na kuandika huku akisoma kwa sauti, ili wote wasikie: "Asubuhi, magari themanini, wastani ishirini na nane, kwaya ikiimba kando ya barabara. Mchana, magari sitini na mawili, wastani tisini na mbili, kwaya ikiwa kimya."

"Mkubwa wako atacheka," alisema Navalayo.

"Acheke," alisema Bashir, "mradi atie sahihi."

Julai ilipita bila habari. Zilpah alilala usingizi wa sungura, na Shikanga hakumwuliza kitu, jambo lililomsumbua zaidi kuliko kama angeuliza. Alijua kwamba mumewe naye anangoja. Akija kutoka kukata miwa, mwili mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, alikuwa akisimama mlangoni na kuitazama ng'ambo kwa muda kabla ya kunawa.

Wiki ya pili ya Agosti, lori la ofisi ya barabara lilisimama Lubao asubuhi. Walishuka wanaume sita, pipa la lami, kokoto, na vyuma viwili virefu vyenye sahani za duara, nyeupe, ukingo mwekundu, katikati wameandika hamsini. Kwa siku nne walichimba, walimwaga, walishindilia. Walipoondoka, Lubao ilikuwa na kibao kila upande na matuta manne, mawili huku na mawili kule.

Zilpah alisimama mbele ya kibao kile akakigusa kwa kiganja. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Akacheka peke yake barabarani. Navalayo alimkuta hapo, akacheka naye.

Madereva walilalamika, bila shaka. Siku ya kwanza, mmoja aliyejifanya hakuona aliliruka tuta la kwanza, na abiria wake wote wakafika darini kabla yake. Hakurudia.

Shikanga naye, kwa Jumamosi nzima na Jumapili baada ya ibada alikwenda akakaa kando ya barabara, yeye ambaye kwa mwaka mzima hakuisogelea ila kwa lazima, akatazama magari. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Jumapili jioni alirudi, akanawa miguu bila haraka.

"Mia mbili na kumi na saba," alimwambia mkewe. "Moja lilileta jeuri, na limeacha bampa lake pale. Mengine yote yamepunguza." Alijipangusa uso, ukachukua muda kupanguswa. "Kesho naenda Kakamega mjini kumnunulia sare."

Jumatatu ya kwanza ya Septemba walitoka watatu. Ayuma alivaa sweta ya kijani iliyomzidi mikono. Shikanga aliwasindikiza mpaka ukingoni. Ng'ambo, mbele ya lango, mwalimu Jescah alikuwa amesimama akingoja.

Zilpah alimshika binti yake mkono kwa nguvu. Basi lilikuwa likiteremka mlima. Likafika kwenye kibao, likapunguza. Likafika kwenye tuta, likapanda polepole, likashuka polepole, na dereva, alipomwona mtoto wa sare, akasimama kabisa na kutikisa mkono kwamba piteni. Upande wa pili palikuwa na trekta la miwa, nalo lilikuwa bado mbali.

Ayuma aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mama. Alitazama huku, akatazama kule, kama Jescah alivyokuja kumfundisha uani mwezi ule wa Agosti, akavuka akitembea. Hakukimbia. Alipofika ng'ambo aligeuka.

Mama yake alikuwa bado amesimama palepale. Miguu ya Zilpah ilikuwa imekataa. Kwa miaka miwili hakuwahi kuivuka barabara ile bila kukusanya sketi mkononi na kukimbia kama mwizi, na sasa ilipokuwa imetulia mbele yake hakujua aivuke vipi. Basi lilisubiri. Shikanga nyuma yake hakumsukuma.

Ayuma alimwona. Akasogea mpaka ukingo wa lami, akatazama tena kulia, akatazama kushoto, kwa makini, kwa niaba ya mama yake. Kisha akanyoosha mkono wake mdogo kutoka ndani ya mkono mrefu wa sweta, akamwita: njoo, hakuna kitu.

Zilpah aliiachia sketi aliyokuwa ameikusanya. Akavuka akitembea.